Jagi Lililosuguliwa Ndani

Ukishika shaba kwa muda mrefu, mikono hunuka. Ni harufu ya sarafu iliyofumbatwa kwenye kiganja chenye jasho, na sabuni haiitoi mara moja. Wiki hii nimenawa mikono mpaka wanafunzi wangu wakaanza kutazamana, lakini kila ninapoinua kitabu karibu na uso naisikia ile harufu, na kila nikiisikia nakasirika. Kinachonishinda ni kupata mtu wa kumkasirikia. Mmoja yuko kaburini miaka mitatu sasa, na mwingine ni mtoto wa darasa la tatu ambaye leo ana mvi na ndiye anayeandika maneno haya.

Kwa bibi yangu mzaa baba, kule Ngara, kulikuwa na jagi la shaba nyekundu. Lilikuwa na tumbo nene, shingo nyembamba, na mkono uliopigiliwa kwa misumari bapa mitatu. Ukipitisha kidole juu ya tumbo lake ulihisi vishimo vidogo vidogo visivyo na idadi, na mimi niliamini ni makovu ya ndui, kwa sababu Bibi naye alikuwa nayo usoni. Baba yake Babu ndiye aliyelileta kutoka Biharamulo, siku za boma la Wajerumani. Alibadilishana na fundi mmoja wa pwani aliyekuwa akifua vyombo karibu na boma, akampa mbuzi wawili. Zamani lilikuwa na sinia lake na vikombe sita. Sinia lilipotea, vikombe vikakatwa kimoja kimoja kutengeneza bangili za mabinti walioolewa, likabaki jagi peke yake chini ya kitanda cha Bibi, limefungwa kwenye kanga kuukuu. Lilitolewa padri akija kubariki nyumba, au wakija watu wa kuposa.

Mwaka ninaousema, nikiwa darasa la tatu, waliokuwa wanataka kuja kuposa hawakumpendeza Bibi hata kidogo. Shangazi Skola, mdogo wake baba, alikuwa amempata kijana kwenye mnada wa ng'ombe huko Biharamulo. Aliitwa Masanja. Kwao walikuwa Wasukuma waliotoka Shinyanga na mifugo yao, wakaweka makazi Nyantakara. Bibi alikuwa Mkatoliki wa asubuhi na jioni, na maneno yake hakuyaficha.

"Kanisani hawaingii," alimwambia Shangazi mbele yangu, huku akimenya ndizi. "Leo wako Nyantakara, kesho majani yakiisha wanaswaga ng'ombe wanahama. Nikitaka kukuona nikufuate wapi?"

"Mama, Masanja anasoma mafundisho ya ubatizo."

"Asome. Hao watu wake wakija hapa watajuta."

Aliyasema hayo nyumbani, akayarudia kisimani, akayarudia tena nje ya kanisa baada ya misa. Alikuwa na mdomo, Bibi yangu, na hasira zake zilikuwa za kuchemka na kupoa. Tuliokaa naye nyumba moja tulijua hivyo. Watu wa kisimani walijua maneno tu.

Na kweli zilipoa. Masanja alikuja peke yake, akakaa siku tatu kwa baba, akamwezekea Bibi zizi la mbuzi upya bila kuombwa, na Jumapili akaketi benchi la nyuma kanisani akisimama wakati wengine wamepiga magoti. Bibi alirudi nyumbani akicheka njia nzima. Wiki mbili baadaye aliniita chumbani, akavuta kanga kutoka chini ya kitanda.

"Lisugue mpaka ling'ae," akasema. "Wanaokuja ni wakwe."

Nilikuwa mtu wa kwanza kuambiwa neno hilo. Nalisema hapa kwa sababu hakuna mwingine aliyelisikia, na baadaye hakuna aliyeniuliza.

Alinipa majivu, mchanga laini wa mtoni, malimau mawili na kigunzi cha hindi. Kisha akaniambia, "Sugua nje. Ndani usiguse."

"Kwa nini, Bibi?"

"Kwa sababu nimesema."

Kwetu swali liliulizwa mara moja. La pili lilijibiwa kwa fimbo. Basi nikachukua jagi nikaenda nalo nyuma ya nyumba, na kama mtoto yeyote aliyenyimwa sababu, nikajitengenezea yangu. Nilichungulia ndani. Kulikuwa kwa kijivu, kumefubaa, na mahali pengine wekundu umeanza kuchungulia. Nikajaribu kukumbuka mkono wa Bibi, mpana, wenye vifundo, nikaulinganisha na ile shingo. Haukuweza kupita. Nikapata jibu langu: Bibi amekataza kwa sababu ya aibu. Huko ndani kuna uchafu wa miaka mingi, na hakuna mtu mzima mwenye mkono wa kuufikia. Mimi mkono wangu ulipita mpaka kwenye kiwiko.

Nilisugua siku mbili. Nje ilinichukua saa chache, ndani ndiko kulikoniua. Mchanga, limau, kigunzi, mchanga tena. Ngozi ya vidole ilichubuka, limau likaingia kwenye michubuko, nikalia kimyakimya na kuendelea. Ule ukijivu ulikuwa mgumu, ulitoka kidogo kidogo kwa vumbi jeusi. Jioni ya pili niliinamisha jagi kuelekea jua na ndani yake kukawaka kwekundu kote, kama kaa la moto ulilolipuliza. Sijawahi tena kujivunia kazi ya mikono yangu kiasi hicho. Sikumwambia Bibi. Nilitaka aone mwenyewe siku ya wageni, aniite mbele ya watu.

Jioni hiyohiyo, giza likiwa limeshaingia, Bibi alijaza jagi pombe ya ndizi iliyokomaa, ile iliyokuwa imekaa mpaka ikawa kali na chachu kidogo, akafunika mdomo kwa jani la mgomba na kuliweka pembeni lipoe. Pombe ya watu wote ilikuwa kwenye madumu. Ya kwenye jagi ilikuwa ya watu watatu tu: baba yake Masanja, baba yake mdogo, na mshenga.

Kwetu huwezi kumpa mgeni kinywaji bila kukionja kwanza mbele ya macho yake. Unapiga funda moja, unameza, ndipo unampa. Hata mtoto anayepewa uji kwa jirani ataona mama mwenye nyumba akilamba mwiko. Lakini Bibi alikuwa ameweka nadhiri kanisani ya kuacha pombe, mwaka wa pili huo, na kijiji kizima kilijua. Wa kuonja badala yake alikuwa baba, naye wageni walipofika kesho yake alikuwa nyuma ya nyumba anahangaika na mbuzi wa kuchinja aliyekata kamba. Bibi akaona aibu kuwaweka wageni na kiu.

"Mtanisamehe, mimi nina nadhiri," akasema akicheka, na kuwamiminia.

"Hapana taabu, mayu," baba yake Masanja akajibu, akimwita mama kwa Kisukuma, akapokea kwa mikono miwili. "Sisi sote hapa ni wa nyumba moja."

Walikunywa wakalimaliza. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikisubiri mtu achungulie ndani ya jagi na kushangaa. Chakula kilikuwa hata hakijaandaliwa baba mdogo aliposimama ghafla na kwenda migombani. Mshenga akamfuata. Mzee mwenyewe alitapikia pale pale alipoketi, juu ya mkeka mpya, akishika tumbo kwa mikono yote miwili, na kanzu aliyovaa kwa heshima yetu ikachafuka kifuani. Waliokunywa ya madumu hawakuwa na lolote. Hao watatu tu. Walibebwa kwa baiskeli hadi zahanati, wakapona baada ya siku mbili, lakini hawakurudi kuchukua hata viatu vyao. Tuliwapelekea.

Siku ya tatu mwenyekiti wa kitongoji alikuja na wazee, maana kisimani walishasema Bibi ametia majani ya sumu kwenye jagi. Jagi lilikuwa limekaa vile vile, halijaoshwa, kwa sababu baba alisema lisiguswe. Mwenyekiti akalichukua, akaliinamisha kwenye mwanga, akaingiza kijiti na kukitoa. Kwenye ncha kulikuwa na utandu wa kijani.

"Haya ndiyo majani yenyewe," akasema.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo wangu. Nawaapia sikusema kwa ubaya. Niliona ule ukijani na nikachukia, maana kazi yangu ya siku mbili ilikuwa imeharibiwa. Nikasema kwa sauti ya mtoto aliyeonewa, "Mimi nililisugua mpaka ndani! Lilikuwa safi kabisa! Ukijani haukuwemo!"

Wazee wakageuka wote. Mwenyekiti akapiga magoti akanishika bega. "Rudia, mwanangu. Ndani kulikuwa safi?"

"Safi kabisa. Kulikuwa kunang'aa."

"Basi," akasema, akiwatazama wenzake. "Mtoto hana sababu ya kudanganya. Yamewekwa baadaye."

Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda chake karibu na mlango. Akaniuliza polepole, "Ulisugua ndani?"

"Ndiyo, Bibi."

Akanitazama kwa muda mrefu. Nilidhani sasa atanisifu. Akafumba mdomo, na Bibi yangu yule, ambaye hakuna aliyewahi kumshinda kwa maneno kisimani, hakujitetea. Miaka mingi nilichukua ukimya ule kuwa ni kukiri. Ndiyo, hata mimi. Nililala kitanda kimoja na mwanamke yule, nikala kutoka mkononi mwake, na nikaamini alitia majani kwenye jagi langu safi.

Posa ilivunjika. Masanja alikuja mara moja, akasimama barabarani bila kuingia uani, akazungumza na Shangazi kwa muda mfupi. Mwaka uliofuata tulisikia ameoa huko huko Nyantakara. Shangazi hakuolewa. Hakuondoka pia, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Alibaki nyumba ile ile na mama yake, akalima naye, akaenda naye misa, na kila mara Bibi alipompa kitu cha kunywa, uji, chai, hata maji, Shangazi aliacha kikombe mezani na kusema bila kupandisha sauti:

"Onja kwanza, mama."

Na Bibi alionja. Mbele ya wageni, mbele yetu watoto, mbele ya katekista. Alipiga funda, akameza, akafuta ukingo wa kikombe kwa kanga yake, akampa. Alifanya hivyo mpaka mikono yake ikaanza kutetemeka kwa uzee na funda likawa linamwagika kidevuni. Sisi tuliokulia pale tulizoea. Tukizuru kwa Shangazi mpaka leo tunaonja kwanza bila kuambiwa, kama wengine wanavyovua viatu mlangoni.

Bibi alipokufa hakuna aliyelitaka jagi. Nililichukua mimi, nikaliweka sebuleni kwangu Biharamulo na maua ya plastiki ndani yake. Mwezi uliopita mkono wake uling'oka msumari mmoja. Nikaambiwa kuna mzee Nyakanazi, pembeni ya barabara ya malori, anayeziba rejeta, na kwamba hakuna anayeijua shaba kama yeye. Nikampelekea.

Alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Hakulitazama kama alivyozitazama rejeta za wateja wake. Alilipokea, akaketi.

"Hili limefuliwa, mama, halikumiminwa," akasema. "Unaviona hivi vishimo? Kila kimoja ni nyundo moja. Linaanza bamba la duara, linawekwa kwenye gogo lililochimbwa shimo, linapigwa kutoka katikati kwenda nje. Shaba ukiipiga sana inakuwa kaidi, inataka kupasuka. Basi unairudisha motoni mpaka iwe nyekundu, unaitia majini, inalainika, unapiga tena. Mara kumi, mara ishirini. Kitako hiki ni kipande kingine. Tazama, wamekata meno wakayaumanisha, kisha wakaunga kwa moto. Leo nani ana subira hiyo?"

Kisha akachungulia ndani. Akawasha tochi ya simu.

"Nani alilikwangua bati?"

"Bati gani?"

"Chombo cha shaba hakitumiki bila bati ndani. Ukishakifua unakisugua, unakipasha moto, unayeyusha bati, unalipaka ndani kote kwa pamba. Linakuwa jeupe, linafubaa kijivu. Baba yangu kazi yake ilikuwa hiyo, kupita nyumba kwa nyumba kutia bati masufuria. Bila bati, ukiweka humu kitu kichachu, limau, mtindi, pombe, kinakula shaba. Watu wanatapika matumbo yao. Na ukiacha unyevu, siku mbili tatu linaota kijani."

Nilikaa kwenye tairi lililokuwa pale. Mimi ni mwalimu wa kemia. Kila mwaka nasimama mbele ya kidato cha tatu nikiandika ubaoni asidi, metali, chumvi za shaba na rangi zake. Nimeshawahi kuwaonyesha watoto ule ukijani kwenye chupa, nikawauliza ni nini, nikampongeza aliyejibu. Na jagi lilikuwa nyumbani kwangu likibeba maua. Sijui kama kuna neno la kueleza upumbavu wa namna hiyo. Nilimkasirikia Bibi pia, na bado namkasirikia. Angeniambia tu! Sentensi moja: ndani kuna bati, ukilitoa tutaugua. Labda hakujua. Labda naye aliambiwa usiguse, na aliyemwambia aliambiwa usiguse, mpaka kufika kwa yule fundi wa pwani ambaye ndiye pekee aliyejua, na katikati yote hakuna aliyeona haja ya kumpa mtoto sababu.

Au alijua, siku ile kwenye kigoda, aliponitazama. Hilo siwezi kulifikiria kwa muda mrefu.

Mzee wa rejeta alilitia bati upya. Nilikaa nikaangalia mwanzo mpaka mwisho, moshi wake mkali ukinitoa machozi, mpaka ule wekundu wa ndani ukafunikwa wote. Jumamosi nikalipeleka Ngara.

Shangazi alikuwa anaanika maharage uani. Ana miaka sitini na kitu sasa, na anafanana na Bibi kiasi cha kunitia hofu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwana wanje, mwanangu. Umekuja bila taarifa." Kisha akaliona jagi. "Hilo limefuata nini hapa?"

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, kama somo. Nikaanza na bati, nikachanganya, nikarudi kwenye limau, nikaeleza asidi, akaniambia hanielewi. Nikakasirika tena, nikajisikia ninampigia kelele mwanamke mzima uani kwake. Mwisho nikaacha kemia. Nikamwonyesha ndani, ule weupe mpya. Nikamwambia ndivyo lilivyotakiwa kuwa, na mimi, kwa mkono wangu huu, nililikwangua kwa mchanga siku mbili, na ndiyo sababu wakwe walitapika. Ukijani ulitoka kwenye shaba yenyewe. Hakukuwa na majani. Bibi alinipa jagi nilisugue na akasema wanaokuja ni wakwe.

"Alisema wakwe?"

"Alisema wakwe. Kabla ya mtu mwingine yeyote, aliniambia mimi."

Shangazi aliendelea kutawanya maharage kwenye mkeka. Aliyatawanya mpaka yakaanza kuangukia mchangani. Nilisubiri anitukane. Nilitaka anitukane, ningepata pa kuanzia. Baada ya muda alisema tu kwamba jua ni kali na ana kiu.

Niliingia ndani haraka, nikafurahi kupata la kufanya. Nikachota maji mtungini, nikatoka nayo kwenye kikombe. Nikasimama mbele yake, nikakiinua mdomoni nipige funda, kama tunavyofanya siku zote kwake.

Akanishika mkono.

"Acha," akasema. "Nipe hivyo hivyo."

Akakichukua, akanywa yote bila kupumzika. Kisha akabaki amekishika, akifuta ukingo wake kwa kanga, taratibu, akizungusha, akifuta tena pale pale.

"Hata maji," akasema. "Nilimwonjesha hata maji."